Harufu ya Nguo Safi

Jumatatu, 5 Oktoba

Dada yangu mpendwa, salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Magoti yako yametulia, au bado unapanda ngazi huku ukiomba samahani kwa kila kipandio? Sisi wazima, Mungu ni mwema. Mara ya mwisho ulinilaumu kwamba barua zangu huja kwa mkupuo, halafu kimya. Basi msimu huu wa mvua nitakuandikia kidogo kidogo, siku yenye neno na siku isiyo na neno, na mvua zikikatika nitakutumia yote kwa pamoja. Usome taratibu, chai ikiwa karibu.

Mvua imeanza leo. Kwa wengine ni tope, kwetu sisi wa drai klina, tunaosafisha nguo bila maji, ni neema, maana watu hawana pa kuanika. Hujafika dukani tangu tulipohama, kwa hiyo nikupe picha. Mbele kuna kaunta na reli ya nguo. Dirishani nipo mimi na pasi yangu ya mvuke. Nyuma kuna mashine, meza ya madoa, na pipa la bluu lenye dawa. Sisi tunaiita dawa tu. Ni maji yasiyo maji, inang'oa mafuta bila kuilowesha nguo.

Mezani ndipo anapokaa shemeji yako, baba watoto. Unajua anavyoitwa mtaani: Pua. Mtu analeta koti lenye doa, hata hajafungua mdomo, Pua ameshainama, amenusa, amesema, "Hili ni doa la mafuta ya baiskeli, na ulijaribu kulitoa kwa sabuni ya vyombo." Mteja anabaki kinywa wazi.

Kila nguo ikitoka hatuipeleki kwenye reli hivi hivi. Baba watoto huchovya kitambaa kwenye dawa, hupitisha ndani ya kola na kwenye bitana, hunusa, huitikia kwa kichwa, ndipo hutundika. Tunaita kuiaga nguo. Wateja ndivyo walivyozoea. Nguo isiyonukia dawa watakwambia umeipiga pasi tu ukawadanganya.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Madirisha yamefungwa, kichwa kinanigonga. Nadhani ni hali ya hewa.

Redioni walikuwa wanabishana juu ya dawa yetu. Daktari mmoja alisema viwandani na madukani wanakoitumia, ugonjwa wa mishipa ya fahamu umezidi, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Akasema ipigwe marufuku. Mwingine akajibu kwamba watu hutetemeka kwa uzee tu, na ukipiga marufuku kila kinachonuka, tutabaki na nini? Serikali itaitisha kikao cha kukusanya maoni.

Baba watoto akazima redio. "Mimi niko na hii dawa tangu sina ndevu. Mbona sijafa?"

Jirani yetu mshonaji, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuwa kwenye kaunta akingoja koti lake. Yule mama hana breki. "Hata jogoo husema hivyo hivyo, bwana Pua. Mbona sijafa, mbona sijafa, mpaka siku wageni wanapobisha hodi."

Tulicheka sote. Yeye mwenyewe alicheka zaidi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nguo nyingi. Kiuno. Nimesali nimekaa, Mungu anajua.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mdogo wake mume wangu alikuja. Siku hizi ni mwenyekiti wa chama cha madobi, na uenyekiti umemkaa kama koti jipya, hauvui hata akija kula. Anaiendesha drai klina yake upande wa pili wa soko, na hakuna dobi ambaye yeye hajamsaidia. Hilo sitamnyima.

"Kaka, kikaoni wewe ndiye shahidi wetu," alisema. "Waone mtu aliyezeeka ndani ya dawa na bado pua yake inashinda mashine. Ukisimama wewe, madaktari watafunga vitabu vyao."

"Nitasema nini?"

"Sema ukweli. Wewe ni mzima."

Nikaona baba watoto anatia mkono wa kulia mfukoni. Nilifikiri ni maringo.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Leo tumepokea majoho yote ya kwaya, ya bluu yenye kola nyeupe. Mwalimu wa kwaya ameyataka kabla ya Jumapili. Nimefurahi mno kuvisafisha vitu vya nyumba ya Mungu.

Jumapili, 18 Oktoba

Dada, leo nimetamani sakafu ya kanisa inimeze.

Kwaya iliingia imependeza, mikunjo yangu imenyooka kama rula. Kanisa limejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu mvua ilikuwa inapiga upande. Wakaanza wimbo. Ubeti wa kwanza, sauti ya nne ikakohoa. Nikasema ni mafua. Ubeti wa pili wakakohoa sauti ya tatu, kwa zamu, utadhani imeandikwa kwenye wimbo. Yule mama mnene wa sauti ya kwanza, ambaye hata umeme ukikatika hakatiki, akakaa chini akishika kichwa. Mtoto wa mbele akasema kwa sauti ya wazi, "Mama, kwaya inanuka!"

Mchungaji akaamuru madirisha yafunguliwe. Mvua ikaingia, vitabu vya nyimbo vikalowa, na wazee wa kanisa wakabeba majoho nje kama watu wanaookoa vyombo nyumba ikiungua.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Harufu ile naijua. Ilikuwa dawa, na si ya kuaga nguo, ilikuwa ya kuizamisha. Nikamgeukia baba watoto. Alikuwa anaimba. Peke yake, kwa sauti nzito, ubeti wa tatu.

"Wana nini hawa?" akaniuliza. "Mafua?"

Nje nilimpa joho moja. Akalileta puani, akavuta, akafikiri kidogo.

"Naona liko sawa," akasema.

Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na si ya huzuni, ni ile dawa yenyewe inachoma macho.

Jumatatu, 19 Oktoba

Sijamwambia kitu. Ninamtazama.

Asubuhi maziwa yaliungua jikoni, sufuria nyeusi tii, na yeye amekaa hatua mbili kutoka jikoni anafunga viatu. Mimi ndiye niliyekuja mbio kutoka uani.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo nimefanya jambo ambalo mke hapaswi kumfanyia mume, na nimemwomba Mungu anisamehe kwanza ndipo nikafanya. Nilichukua mashati mawili. Moja nililipiga pasi tu, halijagusa dawa. La pili nililichovya kola nzima. Nikamletea mezani.

"Baba watoto, hebu niangalizie haya."

Akalinusa lile kavu. "Hili limeiva."

Akalinusa la pili, lile ambalo mimi nimelishika kwa mkono ulionyooka ili lisinikaribie. Akatikisa kichwa. "Hili ongeza kidogo."

Nikaketi kwenye kigoda. Mashine ilikuwa inazunguka, basi nikangoja mpaka imalize.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini husikii harufu?"

Alikunja lile shati. Akalikunjua. Akalikunja tena, na safari hii nikaona kidole gumba cha kulia kinacheza chenyewe, kinasugua kidole cha pili, kama mtu anayehesabu tasbihi isiyokuwepo.

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, mama watoto? Mtaani naitwa nani?"

Kumbe kila siku alikuwa anaongeza dawa kwa kukisia, na kila alipokisia aliogopa imepungua, akazidisha. Na kila alipozidisha alikuwa ameinamisha uso juu yake, anatafuta kitu ambacho hakiji.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mvua. Amekubali kwenda hospitali. Amekubali kwa sharti kwamba mdogo wake asijue.

Jumatano, 28 Oktoba

Daktari ni binti mdogo, amesuka nywele, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinavuja. Nilimwambia wino huo unatoka, aniletee koti. Akacheka. Nikampenda hapo hapo.

Hakuanza na mkono. Alianza na pua. "Baba, unasikia harufu vizuri?" Mume wangu akanitazama kana kwamba nimemsimulia daktari kabla. Sikumsimulia. Kisha daktari akamwambia agonganishe vidole, aandike jina lake, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Maandishi yalianza makubwa yakaishia madogo kama ya sisimizi. Mkono wa kulia haukuwa unapunga alipotembea. Nimeishi naye miaka yote hii na sikuwa nimeona.

Alitueleza bila haraka. Ni ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu wa kutetemeka. Hauponi, lakini una vidonge vinavyosaidia, na mazoezi, na watu wanaishi nao miaka mingi wakifanya kazi zao. Mara nyingi pua hutangulia, mkono hufuata baadaye.

Nikauliza lile lililonileta. "Daktari, ni ile dawa?"

Aliweka kalamu chini. "Mama, kwa mtu mmoja siwezi kukuapia. Wapo wanaougua bila kuigusa, na wapo walioigusa hawakuugua. Ninachoweza kusema ni kwamba wanaofanya kazi nayo wanaugua zaidi kuliko wengine. Na ningekuwa mimi, kesho nisingeinusa."

Hilo ni jibu la mtu mkweli. Asiyeapa ovyo namwamini haraka.

Jumapili, 1 Novemba

Kwaya imeimba ikiwa na nguo za nyumbani. Tumeombewa bila kutajwa majina, lakini kila mtu alikuwa anatazama benchi letu.

Jumatano, 4 Novemba

Tumegombana. Nilidhani baada ya hospitali atalifunga pipa. Asubuhi nikamkuta amelifungua, amechovya kitambaa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Mimi ugonjwa ninao tayari. Nikiacha leo utatoka?"

Dada, mimi si mtu wa kumjibu mume wangu kwa ukali, unanijua. Lakini nilisikia maneno yananijia yenyewe, na sikuyazuia. "Yaliyomwagika ni ya kwako. Ya kwangu bado yamo mtungini. Mimi ndiye ninayevuta hewa hii hapa dirishani. Mshonaji anaivuta nyuma ya ukuta. Utatumwagia na sisi?"

Alikaa na kile kitambaa mpaka kikakauka mkononi. Halafu akainuka akalifunika pipa, na akalala saa za mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue.

Ijumaa, 6 Novemba

Shemeji yangu, yule mwenyekiti, amekuja, ameona pipa limefunikwa, mashine imezimwa. Nilidhani baba watoto ataniachia mimi kusema. Akasema mwenyewe, lakini alichosema ni, "Nimechoka kidogo."

Shemeji akanifuata dirishani. "Shemeji, hii ni kazi yako. Redio zimekuingia kichwani."

"Zimeingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi."

"Usinifanyie mzaha. Wakipiga marufuku, madobi wote wa mji huu watakula nini? Mapovu?"

"Na wasipopiga, watakula kwa mkono gani?"

Akaondoka bila kuaga. Zamani ningesema huyu ni mtu mwenye kiburi. Leo nilimtazama anavyovuka barabara kwenye mvua bila kufungua mwavuli alioushika, nikaona ni mtu anayeogopa.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua. Mshonaji ameniletea uji. Hakusema utani hata mmoja, nikajua anatuonea huruma. Nimemwambia arudi na utani wake, huruma sina pa kuiweka.

Alhamisi, 12 Novemba

Leo ndiyo siku ya kikao. Andaa chai nyingine, dada.

Ukumbi ulijaa. Mbele meza ndefu, mwanamke mwenye miwani ndiye aliyeongoza. Upande mmoja madobi, upande mwingine watu waliobeba picha za wagonjwa wao. Sisi tulikaa katikati, kwa maana hatukujua upande wetu. Baba watoto alikuwa hajaniambia atasema nini. Mimi nilisali zaburi zote ninazozijua kwa moyo, na nilipoishiwa nikaanza upya.

Akasimama mzee mmoja wa kiwanda cha vyuma, akasema walikuwa wananawa mikono kwa dawa ile kila jioni. Akasimama binti akasema mama yake hakuwahi kugusa dawa yoyote, analima tu, naye anatetemeka, hivyo wasidanganyane. Yote mawili yalikuwa kweli. Ukumbi ukawa unapiga makofi kwa wote wawili.

Kisha akasimama bwana wa kampuni inayouza dawa. Suti yake niliitambua. Nilipiga pasi ile miguu ya suruali mwenyewe, mkunjo wangu naujua kama mwandiko wangu. Alisema kwa adabu, sitamsingizia. Alisema dawa ikitumika sawasawa haina shida, na kwamba Mungu ametupa kengele ya bure. "Ina harufu kali. Ikizidi, utaisikia. Fungua dirisha, toka nje, rudi. Pua ndiyo mlinzi."

Madobi wakapiga makofi. Shemeji akasimama, kifua mbele. "Na kwa kuwa tumetaja pua, tunaye mtu hapa mji mzima unamwita Pua. Kaka, simama uwaambie."

Akasimama. Nikashika pindo la koti lake, sijui nilitaka kumvuta akae au kumsukuma. Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Hakuuficha. Ukawa unatetemeka mbele ya watu wote, na akauacha utetemeke.

"Jina langu la mtaani ni Pua," alisema. "Mwezi uliopita nilisafisha majoho ya kwaya yetu. Nikayajaza dawa mpaka waimbaji wakashindwa kuimba. Nilikuwa nimekaa pale kanisani, sikusikia chochote. Niliendelea kuimba."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakafuata kidogo, halafu kicheko kikafa chenyewe.

"Bwana amesema pua ndiyo kengele. Kengele yangu imekufa siku nyingi. Sikumwambia mtu, maana ndiyo jina langu na ndiyo kazi yangu. Nikawa naongeza dawa kwa kukisia, na mke wangu anaivuta."

Yule mama wa miwani akauliza, "Baba, unasema dawa ndiyo iliyokuletea ugonjwa?"

"Sisemi. Daktari wangu hakuapa, na mimi siapi. Nasema tu, msimwekee mtu ulinzi unaotangulia kufa kabla yake."

Akakaa. Dada, hakuna aliyepiga makofi, wala wa upande huu wala wa ule. Bwana wa suti alikuwa ameinama anaandika. Mimi nilichukua ule mkono nikauweka mapajani mwangu. Niliolewa na mtu huyu zamani sana, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejisikia kama bibi harusi.

Ijumaa, 13 Novemba

Uamuzi wa serikali utatoka baadaye. Wamesema watatafakari. Sisi hatungoji.

Mchana shemeji amekuja. Nilijiandaa kwa vita. Hakuketi. Kwenye kaunta palikuwa na chungwa langu, nusu nimelila. Akaokota ganda, akaliminya, akalileta puani, akafumba macho. 

"Nasikia, shemeji," akasema. "Nasikia chungwa."

"Mshukuru Mungu," nikamwambia. "Halafu kafungue madirisha yako."

Baba watoto alitoka nyuma akamshika mdogo wake bega, kwa mkono ule ule wa kulia. Wakasimama hivyo. Mimi nikageukia pasi, wanaume wakilia hawapendi hadhira.

Jumanne, 17 Novemba

Pipa limechukuliwa na watu wa serikali wanaoharibu vitu vya namna hiyo. Tumeanza kufua kwa maji na sabuni laini, nguo moja moja, na kuzinyoosha zikiwa na unyevu.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimeharibu koti la sufu. Lilikuwa la mume wa mshonaji. Maji yalikuwa moto mno. Lilitoka dogo, unaweza kumvika paka.

Nikampelekea mshonaji huku nikijifunika uso. Akaligeuza geuza. "Afadhali," akasema. "Nimemwambia siku nyingi apunguze tumbo, sasa ana sababu." Kisha akakaa nami mpaka jioni akinionyesha jinsi ya kuivuta bitana kwanza, sufu ifuate. Utani umerudi. Mungu ni mwema.

Jumatano, 25 Novemba

Mvua zinapungua. Kola za hariri zimenikubali. Sufu bado tunaheshimiana kwa mbali.

Baba watoto anakaa mezani kama zamani, lakini sasa anatazama. Anaweka nguo kwenye mwanga, anaigeuza, anauliza mteja maswali. "Ulikula wapi? Ulikaa na nani?" Wateja wanacheka na kusema yote. Kumbe nusu ya ile pua yake ilikuwa macho na maswali tangu zamani. Vidonge vinamsaidia asubuhi. Jioni vifungo vya shati namfunga mimi.

Alhamisi, 3 Desemba

Mteja amerudisha koti. "Hamjalisafisha hili. Halinukii." Nilimwonyesha kola, nyeupe pe. Akanusa tena, akatikisa kichwa, akaenda nalo kwa shingo upande. Atarudi. Hakuna anayepiga mkunjo kama wangu.

Jumapili, 6 Desemba

Jua. Kwaya imevaa majoho tuliyoyafua upya kwa maji. Wakaimba beti zote. Yule mama wa sauti ya kwanza alivuta pumzi ndefu kabla ya kuanza, akanitazama, akakonyeza jicho.

Tulipotoka tukapita dukani kufungua madirisha tu, hatufanyi kazi Jumapili. Upepo ukaingia mpaka nyuma, pale pipa lilipokuwa. Baba watoto akasimama katikati ya duka.

"Niambie. Linanukia nini?"

Nikavuta hewa kwa ajili yetu wawili. Nikatafuta, nikatafuta.

"Halinukii kitu."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kutikisa mabega. "Basi mimi na duka sasa tumelingana," akasema, akaingia nyuma kutafuta kiti chake.

Dada, mvua zimekatika na karatasi zimeisha. Nakutumia yote kesho asubuhi. Niandikie habari za magoti yako, na tafadhali usikawie kunijibu.